UNAFIKI NA IMANI: FUNZO LA NARUNG'OMBE

Hayakosekani mazungumzo mabarazani kwetu, na hasa huku Visiwani, juu ya unafiki wa Wakristo. Husemwa kwamba padri alitangulia, mfanyabiashara akafuata, na serikali ya kikoloni ikaja nyuma yao. Kwamba aliyehubiri upendo Jumapili ndiye aliyeshika kiboko Jumatatu. Wenye kusema hivyo hawakosi ushahidi. Lakini aghalabu mazungumzo huishia hapo, kwa kicheko na kikombe cha kahawa, na kila mmoja hurejea nyumbani kwake akiwa na raha kwamba dhambi iliyotajwa si yake.

Sisi tunaona jambo hili ni zito kuliko kicheko. Unafiki wa watu wa dini una walioulipia kwa roho zao, na wengi wao hawakuwa hata waumini wa dini hiyo. Tena unaacha nyuma yake swali ambalo halikwepeki: mwenye kukiri dini anapotenda kinyume chake, je, iliyoshindwa ni dini, au ni yeye? Ili tusije tukajibu kwa jazba, tunawaomba wasomaji wetu, raia na watumishi wa serikali, wafuatane nasi mpaka Narung'ombe.

MAJI YA NARUNG'OMBE

Narung'ombe iko katika Mkoa wa Lindi, Wilaya ya Ruangwa, katika nchi ambayo zamani ilihesabiwa pamoja na Nachingwea. Ni nchi ya pori na vichaka, na wakati wa kiangazi maji yake ni ya kutafutwa. Kwa sababu ya maji hayo, mahali hapo paliingia katika vitabu vya historia ya dunia. Tarehe 19 Julai 1917 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kilwa, chini ya Jenerali Beves wa Afrika Kusini, yaliwashambulia Wajerumani waliokuwa wamejichimbia hapo. Vita vilipiganwa mchana kutwa. Usiku Wajerumani wakaondoka, na Waingereza wakabaki na visima na maiti.

Tuwatazame waliopigana siku hiyo. Upande wa Waingereza walikuwako askari weupe wa Afrika Kusini, askari kutoka Bara Hindi, askari wa Keya kutoka Afrika Mashariki, na askari wa Pwani ya Dhahabu, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Upande wa Wajerumani maofisa walikuwa weupe, lakini askari walio wengi walikuwa Waafrika wa nchi hii hii. Wafalme wawili wa Kikristo, ambao kwa nasaba walikuwa watoto wa mjomba na shangazi, walikuwa wamegombana huko Ulaya. Na Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika mwenzake katika pori la Narung'ombe ili kuamua nani kati yao ana haki.

Hata hivyo, askari hawakuwa wengi wa waliokufa katika vita hivyo. Nyuma ya kila askari walikuwapo watu waliobeba unga wake, risasi zake, hema la ofisa wake na machela ya majeruhi wake. Hao ndio wapagazi. Baada ya Narung'ombe majeshi ya Waingereza hayakuweza kusonga mbele mara moja; yalikaa mpaka Septemba, na muda wote huo kila kijiko cha unga kilifika kwa miguu na vichwa vya watu kutoka pwani ya Kilwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yao walitumika wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na kwamba waliokufa walifika 95,000 au zaidi. Wajerumani nao walichukua watu na chakula kwa nguvu kila walikopita, bila ya kuweka hesabu ya kuaminika.

Wapagazi hao hawakuuawa zaidi na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, na matumbo yao yakaharibika njiani. Aliyeanguka, mzigo wake ulipewa mwingine. Mji wa Dar es Salaam unalo soko la Kariakoo, na Nairobi inao mtaa wa Kariokor. Majina yote mawili yanatokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wapagazi. Leo watu hununua mchicha na vitambaa Kariakoo, na ni wachache wanaojua kwamba wanatamka jina la watu waliokufa.

KWA JINA LA MWENYEZI MUNGU

Je, mambo haya yanahusiana vipi na unafiki wa dini? Yanahusiana kwa sababu mataifa yaliyofanya hayo yaliingia katika bara letu kwa kutaja jina la Mungu. Tarehe 26 Februari 1885 dola 14 zilitia saini Mkataba wa Berlin. Ukiiondoa Dola ya Uthmania, zote zilikuwa dola za Kikristo. Mkataba huo ulianza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Katika kifungu cha sita, wenye kutawala waliahidi kuwalinda wenyeji, kuinua hali yao, na kusaidia kuukomesha utumwa. Katika vifungu vya mbele iliwekwa njia ya kuziepusha na vita nchi za eneo lililoitwa Bonde la Kongo, ambalo kwa mujibu wa mkataba huo lilienea mpaka Bahari ya Hindi, yaani mpaka kwetu. Maana yake ni kwamba Ulaya ikipigana, Mwafrika asiburuzwe katika ugomvi usio wake.

Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kituo cha simu ya upepo cha Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani walivuka mpaka na kuishika Taveta. Ahadi iliyoandikwa kwa jina la Mungu haikudumu hata mwezi mmoja.

Tukirudi nyuma kidogo, tunaona hali ni ile ile. Mwaka 1889 Wajerumani walipoleta jeshi kuivunja nguvu ya watu wa pwani waliokataa kutawaliwa, waliwaambia watu wao huko Ulaya kwamba wanakwenda kuuzima utumwa, na Wakristo wengi wenye nia njema wakatoa fedha na dua. Lakini katika utawala wao wote hawakuupiga utumwa marufuku moja kwa moja. Waliishia kutamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuondoka. Mwaka huo huo wa 1905 ndipo watu wa kusini waliposimama katika Vita vya Maji Maji, wakachomewa mashamba na maghala yao, na wengi zaidi wakafa kwa njaa kuliko kwa risasi. Waliobebeshwa mizigo mwaka 1917 walikuwa watoto waliosalimika na njaa hiyo.

Dini yetu nayo haikusalimika na mchezo huo. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisomwa huko Lindi na sehemu nyingine za pwani, na Wajerumani wakashikwa na hofu kubwa juu ya Uislamu. Haikupita miaka saba, serikali ile ile ilikuwa ikiwaeleza Waislamu kwamba ni wajibu wao kupigana jihadi dhidi ya Waingereza, kwa kuwa Sultani wa Uturuki alikuwa upande wa Ujerumani. Uislamu uliokuwa hatari mwaka 1908 ukawa silaha mwaka 1914. Mwenye kuitumia dini yake mwenyewe kama chombo, hashindwi kuitumia ya mwenzake.

MAKABURI YALIYOPAKWA CHOKAA

Wasomaji wetu wa Unguja wanakijua kisiwa cha Chapwani, mbele ya bandari ya mjini. Huko yako makaburi ya mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa miongoni mwa zile zilizofika Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, na ambayo nayo ilizamishwa bandarini Unguja na manowari ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Mabaharia hao walizikwa kwa heshima na kuwekewa alama. Sisi hatuwaonei kijicho. Kila aliyezaliwa na mwanamke anastahili kuzikwa, na jina lake kutajwa.

Lakini tuulize: wapagazi wako wapi? Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na tume hiyo ilitangaza kwamba wote waliokufa wataheshimiwa sawasawa, bila kujali cheo wala kabila. Ilikuwa ahadi nzuri, yenye harufu ya mafundisho ya Injili. Ilipofika Afrika ilibadilika. Mwaka 1922 Sir Horace Byatt, Gavana wa Tanganyika, alitoa maoni yake kwa tume kwamba makaburi makubwa ya wapagazi wa Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Na hakupenda hata kuitazama hesabu ya Waafrika waliokufa. Mwaka 1923 Gavana wa Pwani ya Dhahabu, Guggisberg, alisema kwamba mwenyeji wa kawaida wa nchi ile hawezi kuelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Askari wa Pwani ya Dhahabu ndio wale wale waliomwaga damu Narung'ombe.

Mambo haya hayakuvumbuliwa na maadui wa Uingereza. Yametolewa hadharani na tume yenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 2021, ilipoungama kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Wala hasara haikuwa ya heshima tu. Majina mengi ya wapagazi hayakuandikwa sawasawa, au hayakuandikwa. Na asiye na jina daftarini hana mrithi ofisini. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wajane na yatima wao. Sisi tuliofundishwa chuoni tangu utotoni uzito wa mali ya yatima hatuhitaji kuelezwa hilo ni kosa la namna gani.

Katika Injili ya Wakristo, Nabii Isa aliwafananisha wanafiki wa zama zake na makaburi yaliyopakwa chokaa: nje yanapendeza, na ndani ni mifupa na uchafu. Wale magavana walikuwa watu waliolelewa katika dini hiyo na walimsikia padri akilisoma fungu hilo. Walisimama juu ya mifupa ya watu, wakaamuru kwamba hata chokaa isipakwe.

KITABU CHA KWANZA NA KITABU CHA PILI

Kama habari ingeishia hapa, wenye kicheko barazani wangekuwa wamepata walichokitaka. Lakini haikuishia hapa, na watu wa Visiwani ndio wanaopaswa kuijua sehemu iliyobaki, kwa sababu imetoka mjini kwao.

Mwaka 1908 padri Mwingereza aitwaye Frank Weston alifanywa Askofu wa Zanzibar, katika misheni ya UMCA, ile iliyojenga kanisa lake kuu Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambayo mwaka 1876 chini ya Askofu Steere iliwapeleka watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja hadi Masasi, jirani na Nachingwea. Vita vilipofika, Weston hakukaa pembeni. Mwaka 1916 aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar, akatembea nao kwa miguu pwani ya Bara. Kwa hiyo alijua mzigo ni nini, na alijua mtu anakufaje chini yake.

Vita vikiwa bado havijatulia, Weston aliandika kitabu kidogo, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, kuwashitaki Wajerumani kwa ukatili waliowafanyia Waafrika. Kitabu hicho kilipokewa vizuri sana Uingereza. Kwa nini kisipokewe? Kilimtaja mkosaji ambaye ni adui, na kiliwasaidia waliotaka makoloni ya Ujerumani yasirudishwe. Kwa kitabu kama hicho mtu hupigiwa makofi, na wala hahitaji ujasiri mkubwa.

Kisha vita vikaisha. Oktoba 1919 Jenerali Edward Northey, ambaye katika vita vile aliongoza majeshi ya Waingereza upande wa Nyasa na sasa alikuwa Gavana wa nchi inayoitwa leo Kenya, alitoa waraka. Aliwaagiza maofisa wa serikali wawahimize Waafrika, hata wanawake na watoto, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na machifu wasiosaidia waandikwe. Kila mtu alijua kuhimizwa na serikali ya kikoloni maana yake nini. Viongozi wa makanisa huko Kenya, wakiwemo maaskofu wawili wa Kanisa hilo hilo la Kiingereza, waliukosoa waraka huo katika baadhi ya mambo. Lakini wakakubali kwamba kulazimisha watu kufanya kazi kunaweza kuruhusiwa, hasa kwa kazi za serikali, mradi kuwe na sheria na masharti. Walitafuta kulainisha makali ya kisu, wasikiondoe shingoni.

Hapo Weston akaandika kitabu cha pili, mwaka 1920, na safari hii walioshitakiwa walikuwa Waingereza, watu wa taifa lake na wa kanisa lake. Alisema kwamba kazi ya kulazimishwa ni kinyume cha dini na kwamba hakuna sheria inayoweza kuihalalisha. Kelele zilizopigwa na yeye na wengine zilifika bungeni London, na mwaka 1921 serikali ya Uingereza ikawakataza maofisa wake wa Kenya kuwakusanyia watu binafsi vibarua. Dhuluma haikwisha, lakini haikupita tena kwa jina la hisani.

Hatumpambi Weston. Alikuwa mtu wa dola yake. Hakuomba bendera ya Uingereza iteremshwe, aliomba ipeperushwe kwa haki, na sisi tuliopigania uhuru tunajua kwamba hakuna haki chini ya bendera ya mgeni. Lakini tunasema hivi: tofauti ya mwenye imani na mnafiki huonekana katika kitabu cha pili. Mnafiki hukiandika cha kwanza kwa wino mwingi, kwa maana ni rahisi kuyataja makosa ya jirani. Cha pili, kinachoyataja makosa ya nyumbani, humfia mkononi.

Mwaka ule ule wa 1923 ambapo gavana mmoja alisema Mwafrika haelewi jiwe la kaburi, Weston alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa Wakristo London. Aliwaambia kwamba hawana haki ya kumwabudu Bwana wao katika madhabahu iliyopambwa, ikiwa hawamwoni katika miili ya maskini wanaodhulumiwa. Mwaka uliofuata alifariki, akazikwa Magila.

KIOO KIGEUZWE

Tumeyasema ya Wakristo. Tukikomea hapa tutakuwa tumeandika kitabu cha kwanza tu.

Nchi ile ya kusini waliyopita wapagazi na mizigo ya Waingereza ilikuwa imekwisha kuzoea misafara. Kwa miaka mingi kabla yake, watu walifungwa minyororo Nyasa wakaletwa Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa majahazini kuja Unguja. Wenye misafara, wenye majahazi na wenye mashamba ya karafuu yaliyowapokea hawakuwa mapadri. Wengi walikuwa watu wa kusali sala tano na kufunga Ramadhani. Walijua kwamba Kurani imeifanya kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya dhambi. Walisoma aya hizo kwa sauti nzuri, kisha wakaenda sokoni.

Kurani imewaweka wanafiki mahali pa chini kabisa motoni. Haikusema wanafiki wa Kikristo. Aya hizo ziliwashukia watu wa Madina waliosimama katika safu za Waislamu na kusali pamoja nao. Na katika sura fupi ambayo kila mtoto wa chuoni anaihifadhi, wanaolaumiwa ni wenye kusali ambao wakati huo huo humsukuma yatima na kuzuia msaada mdogo wa jirani kwa jirani. Kwa hiyo Mwislamu anayeucheka unafiki wa Mkristo, bila kujiuliza nani anadhulumiwa nyumbani kwake, amekwisha kuingia katika maradhi yale anayoyacheka.

JIBU LA SWALI

Sasa turudi kwenye swali letu. Wako wanaosema kwamba unafiki wa waumini ni dalili kuwa dini yenyewe ni uongo. Sisi hatuoni hivyo. Ili kuijua pishi iliyopunguzwa lazima iwepo pishi kamili. Tunawaita magavana wale wanafiki kwa sababu wenyewe walikiri kwamba watu wote ni wana wa Mungu mmoja. Kama wasingekiri hivyo tungewaita wakatili tu. Mafundisho waliyoyavunja ndiyo yanayowahukumu, na Weston aliwahukumu kwa mafundisho hayo hayo, wala hakuhitaji kuazima mengine.

Wako wengine, nao ni wa dini zote, wanaosema kwamba aibu ya waumini ifichwe ili dini isitiwe doa. Hawa tunawapinga kwa nguvu zaidi. Dini haitiwi doa na anayeutaja udhalimu. Hutiwa doa na udhalimu wenyewe, na doa hilo huzidi kuenea kwa kadiri linavyofunikwa. Wahenga walisema, msema kweli mpenzi wa Mungu. Hawakusema msema kweli juu ya jirani.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, aliyasema haya mbele ya masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970. Aliwaonya kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini na wanyonge, litapoteza maana kwa watu, na dini ya Kikristo itageuka kuwa ushirikina wanaoushika wenye woga. Hakuyasema kwa kulichukia Kanisa. Na hapa hapa kusini, kuanzia mwaka 1960 mpaka 1968, Askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyepigana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini mahali ambapo kanisa kubwa la Makaburu lilikuwa likiubariki ubaguzi huo kwa Biblia. Biblia ilikuwa ile ile. Mmoja aliisoma kumtetea jirani, mwingine aliisoma kumfungia mlango.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: unafiki hauivunji imani, huivunja imani ya wanaodhulumiwa kwa wale wanaojiita waumini, na hiyo ni hasara isiyolipika kwa hotuba. Hulipwa kwa kumrudishia aliyedhulumiwa kitu chake, hata kama kilichobaki kurudishwa ni jina tu.

NENO KWA WENYE DHAMANA

Mwezi Januari 2025, huko Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa wakifanya kazi za jeshi barani Afrika katika vita vile, bila ya kuandikwa popote. Majina yao, zaidi ya 1,700, sasa yanasomeka. Zaidi ya miaka mia imepita, na wazazi na wake zao hawapo. Lakini vitukuu vyao wanaweza kusimama mbele ya jina.

Tunawauliza viongozi wetu wa serikali, wa Visiwani na wa Bara: sisi je? Tusingoje kila kitu kiletwe na tume kutoka London. Wako wazee Ruangwa, Nachingwea, Kilwa, na katika mashamba ya Unguja, ambao babu zao waliondoka na mizigo na hawakurudi, na majina yao bado yanatajwa katika hitima na katika sala za Kanisa. Maofisa utamaduni na walimu wa shule wanaweza kuyakusanya kabla hayajafukiwa pamoja na wanaoyajua. Masheha na wenyeviti wa vijiji wanaweza kuwauliza wazee wao. Mashekhe na mapadri wanaweza kufungua madaftari yao ya ndoa, ubatizo na mazishi. Kazi hiyo yataka zaidi uaminifu kuliko fedha.

Tunalisema hili kwa wenye dhamana kwa sababu unafiki haukai msikitini na kanisani peke yake. Serikali ya watu ikihubiri kila mwaka juu ya mashujaa wake, na huku mpagazi wa Narung'ombe akibaki bila jina katika vitabu vya watoto wetu, basi tumemridhia Gavana Byatt aliyetaka pori lifunike kila kitu. Alikuwa mgeni na alikuwa na sababu yake ya kutopenda kuitazama hesabu. Sisi hatuna.